Ziwa Ambalo Bi Ramani Hakutaka Kuliuza

Kwa miaka kumi na tisa Bi Ramani aliwauzia watu safari, na yeye mwenyewe hakuwahi kwenda popote.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Ngazi zilikuwa nyembamba, anayepanda amsubiri anayeshuka, na ukifika juu ulikutana na kaunta ndefu ya mbao, viti vitano vya wateja, feni iliyolia kama mtu anayesaga meno usingizini, na nyuma ya kaunta ukuta mzima wa mabango. Bango kubwa kuliko yote lilikuwa la Ghuba. Mchanga mweupe, maji ya buluu, jiwe moja refu limesimama majini kama kidole, na mwanamke mwenye kofia pana akiliangalia. Kila aliyepanda zile ngazi alilijua lile jiwe. Lilikuwa kwenye kalenda, kwenye maboksi ya biskuti, kwenye simu za watu. Wateja saba kati ya kumi waliingia wakiwa wameshaamua kwenda Ghuba, na kazi iliyobaki ilikuwa kuwakatia tiketi tu.

Jina la Bi Ramani alipewa na meneja wa zamani. Mteja akitaja mahali, yeye bila kufungua kitabu alimwambia basi linaondoka saa ngapi, akae upande gani ili jua lisimpige, hoteli ipi ina maji ya moto kweli na ipi inayo kwenye kipeperushi tu. Yote hayo aliyapata kwa wateja waliorudi. Aliwahoji kwa undani mpaka wengine wakadhani anatafuta kasoro, kumbe masikini alikuwa anaokota makombo ya safari zao. Na mteja mpya akimuuliza, "Wewe ulipapenda?" alijibu, "Sana," wala hakupepesa macho.

Kimaisha hakuwa na shida. Mume wake alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache ambaye alishinda kutwa ameinamia meza na kile kioo chake cha jicho. Watoto wao wawili walishaoa na kuhama. Lakini kila alipokabidhi tiketi, Bi Ramani alihisi kitu kidogo kikimchoma chini ya mbavu, na jina lake alilijua. Ulikuwa wivu. Aliuzoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, akatembea nao hivyo hivyo.

Kisha akaja Chiriku.

Chiriku alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwepesi wa kucheka, mdomo hautulii, ndiyo maana wakampa jina la yule ndege. Bi Ramani ndiye aliyemfundisha kazi. Binti akamwita dada, akamletea chai bila kuombwa, akamsifia nguo zake. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumchukia, na Bi Ramani ilimbidi ajitahidi.

Siku moja ikaja barua kutoka kwa wenye hoteli za Ghuba. Walikuwa wanamkaribisha mfanyakazi mmoja wa ofisi, siku nne, kula na kulala bure, ili akirudi awauzie vizuri. Bi Ramani aliisikia habari hiyo siku tatu kabla ya kikao, na siku tatu hizo hakuwa na utulivu. Alimwambia mumewe. Alipitia dukani akanunua kofia pana, ya rangi ile ile ya kwenye bango, akaijaribu mbele ya kioo huku amefunga mlango.

Kwenye kikao meneja akaisoma barua, akaikunja, akasema, "Nadhani aende Chiriku. Ana simu nzuri, anajua kupiga picha, na bado hajafika. Dada yetu hapa hana haja ya kupelekwa, yeye Ghuba anaijua kuliko wenye Ghuba wenyewe."

Wote wakacheka. Chiriku akamgeukia Bi Ramani, macho yanang'aa. "Dada, utanielekeza, eti? Kwenye lile jiwe watu wanapita wapi?"

Angesema nini? Aseme hajawahi kuliona, wakati kwa miaka kumi na tisa amewaambia watu kwamba alilipenda sana? Uongo wake mwenyewe ulikuwa umemfunga mdomo. Akasema, "Nenda asubuhi mapema, kabla maji hayajajaa." Hilo nalo alikuwa ameambiwa na mteja.

"Na wewe dada hatujakusahau," meneja akaendelea. "Kuna barua nyingine hapa." Akatoa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono. Mwandishi alikuwa mkunga mstaafu aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita kando ya ziwa, huko juu kwenye baridi. Alikuwa anaomba mtu mmoja wa ofisi aende akapaone, maana aliwahi kusikia kuwa ofisi kubwa hufanya hivyo. Meneja alisema hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kuuliza habari za ziwa hilo, lakini si vibaya mtu akaenda kupumzika.

Bi Ramani akasema asante. Jioni akaitia kofia kwenye mfuko wa plastiki, akaisukuma nyuma kabisa ya kabati. Mumewe alipomuuliza imekuwaje, akamjibu, "Imekuwa hivyo hivyo," akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Basi la kwenda ziwani lilichukua saa nane, na kwa saa tano za kwanza alikuwa kwenye simu akitazama picha za Chiriku. Chiriku na jiwe. Chiriku amekaa kwenye kiti cha kamba, glasi mkononi. Chiriku anaruka, miguu haigusi mchanga. Chini ya kila picha watu wamemwaga sifa, na Bi Ramani alizisoma zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayebonyeza jipu. Roho ilimuuma hasa kwa ile ya kuruka. Yeye hakumbuki mara ya mwisho kuruka ilikuwa lini. Kisha basi likaanza kupanda milima, mtandao ukakatika, na picha ya mwisho ikabaki nusu: kichwa cha Chiriku bila kiwiliwili.

Mkunga alimpokea kituoni. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka sabini hivi, mikono mikubwa, sauti ya chini. Hakumwaga maneno ya kumkaribisha. Alichukua begi, akalitia begani mwake, akatangulia. Nyumba ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya kijani iliyoanza kubanduka, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na mbele yake ziwa. Hapakuwa na bango, wala mtu anayeuza kitu. Bi Ramani alikaa barazani kama saa nzima akisubiri kitu kianze, mpaka akaelewa kwamba kilishaanza. Ziwa lilikuwa jeusi alipofika. Baadaye likawa la kijani, kisha upande mmoja ukawa mweupe kama bati, na ndege wadogo walitembea juu ya majani mapana ya majini kana kwamba wanakagua kazi ya mtu. Alijikuta anasubiri kuona litageuka rangi gani tena, chai yake ikapoa mkononi.

Kesho yake asubuhi mkunga akamwambia, "Vaa nguo usiyoionea huruma, twende."

Wakafuata njia ya kando ya maji mpaka mahali ambapo chemchemi ya maji moto ilitoka kwenye mwamba na kumwagikia ziwani. Hapo, kwenye kidimbwi kisichozidi ukubwa wa sebule, maji moto na maji baridi yalikutana bila kuchanganyika vizuri. Mkunga akaingia mpaka kiunoni, akamwambia alale chali juu ya maji.

"Sijui kuogelea, mama."

"Sijasema uogelee. Nimesema ulale."

Akamwekea kiganja kimoja chini ya mgongo. Bi Ramani akakakamaa kama ubao, miguu ikazama.

"Acha shingo," mkunga akasema. "Shingo ndiyo inayokuzamisha. Watoto wote nimewashika hivi, na hakuna aliyenibishia kama wewe."

Bi Ramani akacheka, na alipocheka shingo ikalegea, mwili ukapanda juu wenyewe. Kichwa na mabega vilikuwa kwenye maji moto, miguu kwenye maji baridi, masikio yamezibwa na maji, na juu yake mbingu tupu. Kile kiganja kilikuwepo, halafu hakikuwepo, na yeye akabaki anaelea. Alikaa hivyo mpaka vidole vikakunjamana. Alipotoka alikuwa analia, wala hakujua ameanza saa ngapi. Mkunga akampa taulo, akaangalia upande mwingine.

Alikaa siku nne. Alizunguka ziwa kwa miguu, alilala mchana, alirudi kwenye chemchemi kila asubuhi. Siku ya kuondoka, wakiwa kituoni, mkunga akamshika mkono. "Niletee watu, mwanangu. Sitaki wengi. Wawili, watatu kwa mwezi. Vyumba vya nyuma vinavuja na peke yangu sitaweza. Ukinisemea wewe watakuja."

"Nitakusemea, mama," Bi Ramani akasema, na wakati anasema alikuwa anamaanisha.

Ofisini alikuta watu wamemzunguka Chiriku. Binti alikuwa amerudi mweusi wa jua, anang'aa, anasimulia huku mikono yake ikichora jiwe hewani. Picha zake tatu zilishabandikwa ukutani. Meneja mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mteja, kidevu mkononi, anasikiliza. Bi Ramani alisimama mlangoni na begi lake kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu sana.

"Dada karibu," Chiriku akaita. "Haya, na huko kwako kukoje?"

Wote wakageuka. Akafungua mdomo. Alitaka kueleza habari za chemchemi, lakini akaona jinsi itakavyosikika: kidimbwi, bibi mzee, nyumba inayobanduka rangi, baada ya jiwe na mchanga mweupe. Wangemwonea huruma. Au, na hili ndilo lililomfanya asite hasa, wasingemwonea huruma. Wangependezwa. Wiki ijayo Chiriku angekuwa kule anaruka na simu yake mbele ya mwamba ule.

"Baridi," akasema. "Na mbu."

"Pole dada," wakasema, wakarudi kwenye jiwe.

Uongo huo ulimtoka kirahisi, na uliofuata ukawa rahisi zaidi. Mteja akiuliza mahali pa utulivu, alimpeleka Ghuba. Mteja akisema Ghuba alishafika, alimpeleka kwenye mapango, au kwenye mji wa makumbusho, popote tu. Barua ya mkunga yenye maelekezo aliitia kwenye droo ya chini, chini ya karatasi za mashine. Mara moja mzee mmoja aliyepanda ngazi kwa shida alimuuliza waziwazi, "Hivi kuna ziwa huko juu, panafaa?" Bi Ramani akamtazama usoni, akamwambia barabara imekatika.

Hakujiona mbaya. Alijiambia kwamba kila mahali alipopajua palikuwa pa wateja kwanza, yeye akapata masimulizi tu. Mahali hapa pekee duniani alifika yeye kwanza. Kwa nini agawe? Akiwa kazini, katikati ya kelele za feni na mashine ya kuchapa tiketi, alifumba macho akahisi kile kiganja mgongoni, akatabasamu peke yake.

Tabasamu hilo lilionekana nyumbani pia. Mumewe, mtu asiyeuliza mambo, jioni moja akatua kijiko.

"Mama watoto. Huko ziwani kuna nani?"

"Kuna maji."

"Maji hayamfanyi mtu acheke na sufuria."

Bi Ramani akamtazama, akaona kwamba hatanii. Mwanaume mzima, ndevu zina mvi, amekunja uso kama kijana aliyeona mchumba wake anasindikizwa na mwingine. Akaanza kumweleza, akafika kwenye chemchemi, akanyamaza. Hata kwa huyu, aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita, alijikuta hataki kusema. Akasema, "Hakuna mtu, baba watoto. Kula." Mume akala, lakini wiki nzima iliyofuata alirekebisha saa za watu akiwa amenuna, na mbili kati ya hizo zilirudishwa.

Miezi minane ikapita namna hiyo.

Mwezi wa tisa wakaja mke na mume, walimu wote wawili, waliokuwa wametumwa Ghuba na Bi Ramani baada ya kumwomba mahali tulivu. Hawakukaa. Mke akaweka mkoba juu ya kaunta.

"Dada, tulikwambia tunataka kupumzika. Umetupeleka sokoni. Kulifikia lile jiwe tumepanga foleni kwa muda wa saa mbili, na tulipofika tukapewa dakika chache za kupiga picha, kuna kijana na filimbi. Viti vya kukodi, muziki pande zote, mchanga umejaa chupa. Ile picha yenu hapo ukutani walipiga mwaka gani?"

Bi Ramani akaomba radhi, akaandika malalamiko, akawasindikiza mpaka kwenye ngazi. Aliporudi alimkuta Chiriku ameinamia chai yake, kimya, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Wana haki, dada," binti akasema. "Na mimi nilipanga hiyo foleni. Chumba walichonipa kilitazama jenereta. Ile picha ya kuruka niliruka mara arobaini, mpaka kifundo kikavimba. Niliona aibu kurudi nikasema pabaya, wakati wewe ulishapasifia miaka yote hiyo."

Bi Ramani alipaswa kufurahi. Miezi minane alikuwa ameionea wivu ile picha. Lakini alichohisi ni hofu, kwa sababu Chiriku aliinua macho akamwangalia vizuri. "Na wewe ulirudi kutoka kwenye mbu na baridi umenawiri kama bibi harusi. Nilijiuliza siku ile ile."

"Hewa ya milimani," Bi Ramani akasema, akajitia kutafuta kalamu.

Wiki mbili baadaye Chiriku aliomba likizo. Alisema anakwenda kumwona mama yake. Siku ya tatu, Bi Ramani akiwa anasubiri maji yachemke jikoni kwake, simu ikalia kidogo, akaifungua. Ilikuwa picha. Mwamba, mvuke, maji ya kijani, na katikati Chiriku amelala chali, macho amefumba, mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Chini ya mgongo wake, ndani ya maji, ulionekana mkono mkubwa wa mwanamke.

Bi Ramani alikaa chini. Ghuba ilikuwa imemuuma, ndiyo, lakini ile ilikuwa kama kutamani gari la jirani. Hii ilikuwa nyingine kabisa. Alikuza picha mpaka ikabaki ule mkono peke yake. Ni kweli mkunga alikuwa ameshawashika maelfu ya watu kwa mkono huo, na yeye alilijua hilo. Bado aliona kama ameibiwa. Maji yalichemka mpaka yakaisha, sufuria ikaanza kunuka, mumewe ndiye aliyekuja kuzima jiko.

Chiriku aliporudi hakusimulia chochote mbele ya watu. Alisubiri saa ya chakula, wengine wametoka, akavuta kiti cha mteja akakaa mbele ya kaunta kama anayetaka kukata tiketi.

"Dada, sikuona mbu hata mmoja."

Bi Ramani akaanza kuzipanga upya tiketi zilizokuwa mbele yake.

"Yule mama amekuulizia. Hajalalamika. Aliniuliza kama ulifika salama siku ile, kwa sababu hajapata mgeni hata mmoja kutoka ofisini, akadhani labda umeugua. Vyumba vya nyuma vimeoza, ameshavifunga. Mwanawe anamwambia auze kiwanja."

"Nilitaka niwe na mahali pangu," Bi Ramani akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ghuba sijawahi kufika. Wala kwingine kote. Miaka yote hii nasema maneno ya watu. Pale peke yake ndipo nilipofika mimi, kwa miguu yangu. Nikaona nikipasema, na penyewe patakwenda."

Habari ya Ghuba ilikuwa imemshtua Chiriku, ilionekana, lakini aliiweka kando. "Nimekuelewa, dada," akasema. "Mimi nikiwa kwenye yale maji nilitamani wewe usiwe umenitangulia. Sasa ndiyo mama wa watu auze nyumba kwa sababu yetu sisi?"

Neno lile, sisi, lilimwingia Bi Ramani kuliko tusi. Angetukanwa angepata la kujibu.

Alasiri hiyo alipiga simu. Alikuwa amejiandaa, alianza vizuri, kisha akakwama, mwisho akasema ukweli wote kwa mkupuo: barua ya kwenye droo, mzee wa kwenye ngazi, barabara iliyokatika. Upande wa pili kiti kikavutwa, mtu akakaa.

"Mimi ni mkunga," sauti ikasema. "Kina mama wengi nimewaona, mtoto kafika tu, hawataki hata baba yake amshike. Siwashangai. Ila mtoto lazima ashikwe na wengine, mwanangu, na paa langu linavuja. Utaniletea watu au hutaniletea?"

"Nitakuletea."

"Lini?"

Aliwapeleka wale walimu, wiki hiyo hiyo, kama fidia. Walirudi wanaongea kwa sauti ya chini, mume amebeba jiwe dogo la ziwani mfukoni. Mke alimshika Bi Ramani mikono yote miwili juu ya kaunta. "Lile dimbwi," akasema, akashindwa kuendelea. Bi Ramani akatabasamu, akahisi kile kitu chini ya mbavu kikimchoma sawasawa, akamwuliza kama walipata maji ya moto ya kuoga. Baada yao akapeleka ndugu wawili wazee, kisha daktari mmoja aliyechoka. Hakuzidisha wanne kwa wakati mmoja. Ilikuwa amri ya mkunga, lakini yeye ndiye aliyeisimamia kwa ukali, na walioomba wapelekwe kumi aliwakatalia kwa raha ambayo hakuificha vizuri.

Kabla mwaka haujaisha habari zilikuwa zimemfikia meneja. Aliita kikao. Alisema ofisi imepata mahali papya ambapo hakuna ofisi nyingine inapouza, wateja wanarudi wanashukuru, na yote hayo kwa sababu mfanyakazi mmoja alitumia likizo yake mwenyewe kwenda kupachunguza, akaleta na picha. Tangu siku hiyo Chiriku atakuwa msimamizi wa safari mpya. Makofi tafadhali.

Chiriku akageuka kumwangalia Bi Ramani, uso umemwiva kwa aibu, akafungua mdomo kutaka kusahihisha. Bi Ramani akatikisa kichwa kidogo. Angeweza kumkumbusha meneja kwamba yeye ndiye aliyetangulia, tena kwa kutumwa naye. Lakini hapo meneja angeuliza, kama ulitangulia, ile miezi minane ulikuwa wapi? Basi akapiga makofi na wenzake, viganja vikamuuma. Jioni Chiriku alimfuata kwenye ngazi akitaka kuomba radhi. "Twende, mdogo wangu," Bi Ramani akasema. "Cheo ni chako. Ila ukipata barua nyingine ya kuandikwa kwa mkono, unipe mimi niisome kwanza."

Likizo yake ilipofika akampigia mkunga, akamwambia anataka kuja na mume wake, siku ambayo hakuna mgeni hata mmoja. Mkunga akamwambia aje Jumanne, wageni wanashuka asubuhi, wengine wanapanda Ijumaa.

Siku mbili kabla, mezani, alimweleza mumewe habari za chemchemi tangu mwanzo mpaka mwisho, na mkono wa mkunga, na kulia kwake. Fundi saa alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta. "Ningejua ni bibi wa miaka sabini," akasema, "zile saa mbili nisingeziharibu."

Jumanne basi lao lilianza kupanda milima, na kwenye kona moja nyembamba likasimama kulipisha lile linaloshuka. Dirisha kwa dirisha, Bi Ramani akawaona. Walikuwa wanne, wateja wake mwenyewe, tiketi aliwakatia kwa mkono wake. Mmoja alikuwa amelala kinywa wazi, nywele bado zina maji. Mwingine alikuwa anatazama nje bila kutazama kitu, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo Bi Ramani aliijua. Mwanamke huyo akamtambua, akampungia mkono. Bi Ramani akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Nani wale?" mumewe akauliza.

"Wateja wangu."

"Wanaonekana wamefurahi."

"Wamefurahi."

"Basi usinune."

"Sijanuna," akasema, akanuna mpaka kona ya tatu. Hapo mume akamgusa bega, akanyoosha kidole kuelekea chini upande wa kushoto, akauliza kama lile jeusi kule bondeni ndilo lenyewe au ni kivuli cha wingu. Bi Ramani akamwinamia dirishani, akamwambia asubiri kidogo, aendelee kuangalia.